Majina ya Kijerumani: Namna ya Kujua Maana na Asili Yake

Katika koo nyingi za Kilimanjaro, Usambara, Rungwe, Bukoba na Songea kuna babu aliyebatizwa Wilhelm, bibi Frida, shangazi Otilia, au mjomba Ludoviko. Wajukuu wameyarithi majina hayo, wengine wakiyaandika Wilihelmu na Geradi, na mtoto akirudi kutoka shule na swali la mwalimu kwamba jina lake lina maana gani, nyumba nzima inanyamaza. Maana ipo, na inasomeka. Huhitaji kujua Kijerumani. Ukishika vipande ishirini hivi vya maneno ya kale utaweza kufungua mwenyewe sehemu kubwa ya majina haya, na pale utakapokwama nitakuonyesha pa kuuliza na kama utalipia.

Yalifikaje kwetu? Kwa mkono wa misheni. Wamoravian na Misheni ya Berlin walifika upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891, Misheni ya Leipzig ikaingia Kilimanjaro mwaka 1893, na mwaka 1898 Wabenediktini wakaanzisha Peramiho. Siku ya ubatizo watu walichukua majina ya watakatifu, ya wadhamini wao, au ya Wajerumani waliowafahamu. Kongo, Rwanda na Burundi majina kama hayo yalipitia Kifaransa, ndiyo maana huko utakutana na Thierry, Gérard na Clotilde. Yanasikika ya Kifaransa kabisa, lakini mizizi yake ni ileile.

Mizizi hiyo wataalamu wanaiita ya Kigermanik. Neno hili lisikutishe: ni ukoo wa lugha, kama sisi tulivyo na ukoo wa lugha za Kibantu. Ndani yake wamo Kijerumani, Kiingereza, Kiholanzi, Kideni, Kiswidi, Kinorwe na Kiaislandi. Walikuwamo pia Wafranki walioipa Ufaransa jina lake, na Wagothi waliotawala Hispania. Kwa hiyo William wa Uingereza, Wilhelm wa Ujerumani, Guillaume wa Ufaransa na Guillermo wa Hispania ni jina moja lililovaa lafudhi nne. Uingereza lilienea baada ya Wanormani kuiteka nchi hiyo mwaka 1066, pamoja na Robert, Richard na Henry.

Sasa tuanze kazi. Hatua ya kwanza ni kulikata jina sehemu mbili, kwa sababu majina ya Kigermanik ya zamani karibu yote yaliundwa kwa kuunganisha maneno mawili. Wilhelm ni *wil*, yaani nia au utashi, na *helm*, kofia ya chuma ya vitani. Gerhard ni *ger*, mkuki, na *hard*, -gumu au hodari. Ukishalijua *hard* umeshafungua na Bernhard (dubu hodari), Richard (utawala na uhodari) na Leonard (simba hodari). Kwa Kiingereza na Kifaransa kipande hicho hupungua na kuwa -ard, kwetu kikawa -adi. Ni kipande kilekile.

Kipande cha pili cha kukariri ni *bert*, kinachomaanisha -ng'avu, chenye kung'aa. Albert ni uungwana na mng'ao. Robert ni sifa na mng'ao. Herbert ni jeshi na mng'ao. Norbert ni kaskazini na mng'ao. Hubert ni akili na mng'ao. Cha tatu ni *rich* au *rik*, utawala au nguvu ya mtawala: Friedrich ni amani na utawala, Heinrich ni nyumbani na utawala, Dietrich ni watu na utawala. Huyo Dietrich ndiye Thierry wa Kifaransa. Kisha kuna *wald*, kutawala, ambacho mwishoni mwa jina huonekana kama -old au -ald: Arnold (tai mtawala), Gerald (mtawala mwenye mkuki), Harold (kiongozi wa jeshi). *Mund* au *mond* ni ulinzi, kama katika Edmund na Raymond. *Win* ni rafiki, kama katika Edwin. *Wolf* ni mbwa mwitu, na mwishoni hubaki -olf: Rudolf ni sifa na mbwa mwitu. *Rad* ni shauri: Konrad ni mwenye ushauri wa kijasiri.

Huo *Ed* wa Edmund, Edwin na Edward ni mali, heri au urithi. Edward ni mlinzi wa mali. Kwa Kijerumani kipande hicho kilikuwa *ot*, na ndiko lilikotoka Otto, na ndiko lilikotoka Otilia. Abasia mama ya Wabenediktini wa Peramiho, iliyoko Bavaria, inaitwa Mtakatifu Ottilien kwa heshima ya mtakatifu huyo. Basi shangazi Otilia wa Songea na Edward wa Nairobi wamebeba neno moja, na yawezekana hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuambiwa.

Majina ya kike nayo yana mikuki na vita, jambo linalowashangaza wengi. *Hild* ni vita: Hilda, Matilda (nguvu na vita), Clotilda (mwenye kusikika vitani), Hildegard (vita na boma). Gertrud ni mkuki na nguvu. Bertha ni yule yule *bert*, mng'avu. Adela, Adelina na Adelaida yanatokana na *adal*, uungwana, na Alice pia, ingawa lilichakaa sana lilipopita Ufaransa. Frida ni amani. Winfrida ni rafiki na amani, na lina historia nzuri: Mtakatifu Bonifasi, mtume wa Wajerumani aliyeuawa mwaka 754, kabla ya kupewa jina hilo la Kilatini aliitwa Winfrid. Tukirudi kwa wanaume, Ludoviko, ambalo ndilo Ludwig na ndilo Louis, ni umaarufu na vita. Willibrod, jina linalopendwa sana na Wakatoliki wa Tanzania, ni la mmisionari Willibrord aliyefariki Echternach mwaka 739. Mwanzo wake ni nia, na mwisho wake ni ncha kali ya silaha.

Hapa nakuomba uwe mwangalifu. Ukishapata vipande viwili, usilazimishe sentensi. Wahenga wa Kigermanik hawakuwa wakimpa mtoto sentensi kila mara. Mara nyingi walichukua kipande kimoja kutoka jina la baba au babu na kukiunga na kingine, ili ukoo utambulike kwa sikio. Liko shairi la kale la Kijerumani, lililonakiliwa Fulda katika karne ya 9, lenye babu, baba na mwana: Heribrand, Hildebrand, Hadubrand. Wote watatu wanaanza na sauti ya H na kumalizia kwa *brand*, upanga. Heri ni jeshi, hild ni vita, hadu ni mapigano. Kwa hiyo Hildegard akikuuliza jina lake lina maana gani, mwambie: lina vita na boma ndani yake. Ukimwambia linamaanisha "mwanamke anayelinda boma wakati wa vita", hapo umeshatunga ya kwako.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni vipande vinavyofanana sura. *Fried* au *fred* ni amani katika Wilfred, Gottfried na Godfrey. Lakini Alfred ni jina la Kiingereza cha kale lililoungwa kwa *elf*, viumbe wasioonekana wa imani za kale, na *red*, shauri. Hakuna amani ndani yake, ingawa masikioni inasikika. Mtego wa pili ni kudhani kila jina lililoletwa na Mjerumani ni la Kigermanik. Hans ni Johannes, yaani Yohana, la Kiebrania. Klaus ni Nikolaus, la Kigiriki. Grete ni Margareta, nalo la Kigiriki. Ursula ni Kilatini, dubu mdogo wa kike. Benedikto na Bonifasi ni Kilatini pia. Ulaya ya Kati majina ya watakatifu yalianza kuyafunika yale ya kale kuanzia karibu karne ya 12, na leo yamechanganyika. Kama jina limo katika Biblia, anza kulitafuta huko kwanza.

Wazazi wengi huniuliza kuhusu Adolf. Lina uungwana na mbwa mwitu, na nchini Ujerumani halijapigwa marufuku, lakini baada ya mwaka 1945 karibu hakuna mzazi anayempa mtoto. Kwetu wako walioitwa hivyo kwa ajili ya padri Adolph Kolping, aliyefariki mwaka 1865 na kutangazwa mwenye heri mwaka 1991. Mwenye jina hilo hana la kuona haya. Lakini kama unampa mtoto leo, na pengine siku moja atasoma au kufanya kazi Ulaya, ujue kwamba kila atakapojitambulisha watu watamtazama mara mbili. Mimi nisingempa.

Je, majina ya ukoo? Hayo ni ya baadaye sana. Kwa karne nyingi Mjerumani alikuwa na jina moja. Miji ilipokua, kuanzia karne ya 12 upande wa kusini na magharibi, Heinrich walikuwa wengi mno katika mtaa mmoja, ikabidi kuongeza alama: Heinrich mhunzi, Heinrich mrefu, Heinrich wa kijitoni, Heinrich mwana wa Peter. Alama hizo zikarithiwa. Kwa hiyo jina lolote la ukoo la Kijerumani lipime kwa maswali manne: ni kazi, ni umbo au tabia, ni mahali, au ni jina la baba?

Kazi ndizo zinazoongoza. Müller ni mwenye kinu cha kusaga nafaka, na ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote Ujerumani. Schmidt ni mhunzi, sawa na Smith wa Kiingereza na Smit wa Kiholanzi. Schneider ni mshona nguo, Fischer ni mvuvi, Weber ni mfuma vitambaa, Becker ni mwoka mikate, Zimmermann ni seremala wa mapaa na nyumba, Schäfer ni mchunga kondoo, Bauer ni mkulima, Schumacher ni fundi viatu. Koch ni mpishi. Robert Koch, daktari aliyetangaza mwaka 1882 kwamba amekipata kijidudu cha kifua kikuu na ambaye baadaye alifanya utafiti Afrika Mashariki, alibeba jina la jiko. Kazi moja inaweza kuwa na majina tofauti kwa mikoa: mchinjaji wa kusini-magharibi ni Metzger, wa mashariki ni Fleischer. Hilo husaidia kukisia ukoo ulitoka upande gani.

Umbo na tabia: Klein ni mdogo, Lange ni mrefu, Schwarz ni mweusi, hasa wa nywele, na Krause ni mwenye nywele za kujisokota. Bruno Gutmann, mchungaji wa Leipzig aliyeanza kazi Kilimanjaro mwaka 1902 na kuandika sana juu ya mila za Wachaga, jina lake ni "mtu mwema". Mahali: Bach ni kijito, Berger ni mtu wa mlimani, Bayer ni mtu wa Bavaria. Jina la baba: Peters ni wa Peter, na ukienda kaskazini hadi Denmark utapata -sen, yaani mwana, kama Hansen na Nielsen.

Wawili wanaojulikana sana kwetu ni Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1882, na mwenzake Johannes Rebmann, aliyeandika kwamba ameona theluji Kilimanjaro mwaka 1848. *Rebe* ni mzabibu, kwa hiyo Rebmann ni mkulima wa mizabibu, na kweli alizaliwa Gerlingen, katika eneo la Württemberg linalolima zabibu mpaka leo. Krapf linatokana na neno la kale lenye maana ya kulabu, na pia la aina ya andazi lililopinda. Mababu zake huenda walikuwa waoka maandazi, au mmoja wao alikuwa na mgongo uliopinda.

Neno *von* kabla ya jina, kwa Ujerumani, mara nyingi ni alama ya ukabaila. Kwa mfano, Hermann Wissmann, afisa Mjerumani wa enzi ya ukoloni, alizaliwa bila *von*. Alipewa mwaka 1890. Tangu mwaka 1919 neno hilo si cheo tena kisheria, limebaki sehemu ya jina tu. Usilichanganye na *van* ya Waholanzi, inayoonyesha mahali bila ukabaila wowote: van Dijk ni mtu wa kwenye tuta la kuzuia maji.

Waaislandi wamebaki na mtindo ambao msomaji wa pwani atauelewa mara moja, kwa kuwa ni bin na binti. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wao kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi. Hana jina la ukoo, na kwa heshima zote anaitwa Vigdís.

Sasa, utathibitisha wapi? Kwa maana ya jina la ukoo, ingia kwenye intaneti utafute Digitales Familiennamenwörterbuch Deutschlands, kamusi ya majina ya ukoo ya Ujerumani inayotayarishwa na wataalamu mjini Mainz. Ni bure, ingawa ni ya Kijerumani. Programu ya kutafsiri kwenye simu itatosha. Kwa kufuatilia watu wenyewe, FamilySearch ni bure ukishafungua akaunti. Vitabu vingi vya ubatizo vya Kikatoliki vimepigwa picha na kuwekwa kwenye tovuti ya Matricula, bure. Vile vya Kiprotestanti viko Archion, na huko utalipia muda wa kutazama. Jiandae kwanza kwa orodha ya majina, vijiji na miaka, ndipo ulipie, ili muda usiishe ukiwa bado unapapasa.

Kama mnaye babu Mjerumani wa kweli, vyeti vyake viko Standesamt, ofisi ya vizazi, ndoa na vifo ya mji wake. Ofisi hizi zilienea Ujerumani nzima tarehe 1 Januari 1876. Kabla ya hapo utategemea zaidi vitabu vya kanisa. Ofisi hutunza kumbukumbu za vizazi miaka 110, ndoa miaka 80 na vifo miaka 30, kisha huzihamishia kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji. Nakala ya cheti kwa kawaida ni kati ya euro 10 na 15. Andika barua fupi ukieleza undugu wenu na uambatishe nakala za vyeti vinavyouthibitisha, kwa sababu kumbukumbu ambazo bado ziko ofisini hawampi mtu baki.

Utakutana pia na wauzaji wa "nembo ya ukoo wa Schmidt" katika fremu. Okoa fedha zako. Nembo katika nchi hizo ni ya familia fulani iliyoichukua, hairithiwi na kila mwenye jina hilo.

Lakini kwa wengi wetu jibu liko karibu zaidi, kwenye kitabu cha ubatizo cha usharika au parokia ya bibi. Nenda ofisini siku ya kazi ukiwa na jina lake, la wazazi wake, kijiji na mwaka wa kukisia. Omba kuoneshwa ukurasa na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Uulize pia wadhamini wake ni akina nani, kwani jina lilikotoka mara nyingi limeandikwa kwenye safu hiyo. Vitabu vingi vya wakati wa Wajerumani vimeandikwa kwa hati ya mkono ya kale iitwayo Kurrent, na inababaisha: herufi e inafanana na n, na herufi u ina kiupinde juu ili isichanganywe na n. Ukiona "Fridn" kabla hujashtuka isome tena, ni Fride, yaani Frida. Alama nazo zina maana: nyota ni kuzaliwa, wimbi dogo ni ubatizo, pete mbili ni ndoa, msalaba ni kifo.

Ukishajua tahajia ya asili usikimbilie kubadili vyeti. Geradi aliyeandikwa hivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule na kitambulisho cha NIDA abaki Geradi. Jina lake ni halali na ni la Kiswahili sasa. Tatizo ni pale cheti kimoja kinaposema Gerhard na kingine Geradi. Hapo chagua tahajia iliyo kwenye cheti cha kuzaliwa, apa hati ya kiapo mbele ya wakili kwamba ni mtu mmoja, halafu upeleke marekebisho RITA kwa cheti cha kuzaliwa au NIDA kwa kitambulisho, kulingana na chenye kosa. Uliza ada siku hiyohiyo dirishani na udai risiti.

Kwa mtoto mchanga, kubalianeni tahajia nyumbani na muiandike kwenye karatasi kabla ya kwenda kumsajili. Katika mikoa yenye mpango wa kusajili watoto walio chini ya miaka mitano, cheti hutolewa bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Na kama mnaishi Ulaya na jina lenu lina herufi zenye nukta mbili, ü huandikwa ue, ö huwa oe, ä huwa ae, na ß huwa ss. Kwenye mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine, Müller huwa MUELLER. Tumia tahajia hiyo unapokata tiketi ya ndege.